Hatia, Fidia na Kujirudi: Riwaya ya Vijana Mbele ya Mila ya Wakamba wa Machakos

Utangulizi

Riwaya ya vijana ambayo dhamira yake ni hatia hukabiliwa na swali moja gumu: mhusika akishatenda kosa lisilofutika, afanye nini? Adhabu ni jibu jepesi, kwa kuwa hufunga hadithi bila ya kumtaka mhusika abadilike. Kifo ni jibu jepesi zaidi. Jibu la tatu ndilo gumu, nalo ni kwamba mkosaji aishi, akiri alichotenda, amlipe aliyemdhuru kwa kadiri inavyowezekana, kisha awe mtu mwingine.

Makala hii inakusudia kulichunguza jibu hilo la tatu kwa kulinganisha riwaya tatu na mila ya Wakamba wa Machakos ya kusuluhisha makosa. Dai lake ni kwamba mila inajua zaidi habari ya fidia, na riwaya inajua zaidi habari ya nafsi. Mwandishi wa Kiswahili atakayetaka kuwaandikia vijana juu ya hatia atazihitaji zote mbili.

Maneno na Maana

Yafaa kuanza na lugha yenyewe. Maneno makuu ya uwanja huu, yaani hatia, toba, radhi, fidia na kafara, yote yana asili ya Kiarabu, lakini katika Kiswahili kila moja limejichukulia njia yake. Hatia imeelekea mahakamani: mtu hutiwa hatiani au huonekana kuwa na hatia. Kwa hiyo ni hali ambayo mtu hupewa na wengine. Kwa lile analolihisi mwenyewe usiku, lugha hutumia majuto, au husema kwamba anasutwa na moyo wake. Toba humwelekea Mungu. Fidia humwelekea aliyedhuriwa. Mtu aweza kutubu bila ya kulipa, na aweza vilevile kulipa bila ya kutubu. Tofauti hii si ya kamusi tu, kwani ndani yake mna mgogoro mzima wa riwaya ya aina hii.

Lipo neno jingine, nalo ni kurudi. Mzazi humrudi mtoto aliyekosa. Naye aliyekosa, akizinduka, hujirudi. Shina ni lile lile la kurejea mahali mtu alipotoka. Kwa mantiki hii adhabu si mwisho wa safari, bali ni kumrejesha mtu kwa wenzake. Ni kweli kwamba methali husema majuto ni mjukuu, maana yake kwamba huja baadaye, mambo yakiwa yamekwisha haribika. Lakini mjukuu naye ni mtu, na hulelewa. Riwaya ya kujirudi huanza pale methali inapoishia.

Hatia Isiyo na Njia

Mfano wa kwanza ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971. Rosa ni binti wa Zakaria na Regina, nao ni wakazi wa kisiwa cha Ukerewe. Baba ni mlevi na mkali, naye anamfungia binti yake dunia kwa kipigo. Akishafika shuleni, mbali na baba, Rosa hana mwongozo wowote ila ule woga aliotoka nao nyumbani, na woga huo unavunjika upesi. Baadaye anajaribu kweli kuwa mtu mwingine. Anapata mchumba, Charles, lakini yaliyopita yanamfuata, uchumba unavunjika, naye anajiua.

Katika riwaya hiyo hakuna upungufu wa majuto. Kinachokosekana ni njia. Hakuna mtu wala baraza ambalo Rosa angeweza kuliendea akaliambia alivyokosa, akapangiwa la kutenda, kisha akahesabiwa kuwa amelipa. Wala baba yake, ambaye sehemu kubwa ya hatia ni yake, haitwi popote duniani kujibu. Ndiyo maana mwandishi analazimika kuihamishia kesi mbinguni, ambako baba na binti wanasimama mbele ya Mungu. Hamisho hilo limejadiliwa sana upande wa itikadi ya mwandishi, lakini linaweza kuelezwa kwa urahisi zaidi: mahakama ya duniani haikuwapo.

Mfano wa pili ni A Grain of Wheat ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyotoka mwaka 1967. Riwaya hii haikuandikiwa vijana hasa, lakini imesomwa mno na wanafunzi wa Afrika Mashariki. Mugo, ambaye kijiji kinamtukuza kuwa shujaa, ndiye aliyemsaliti Kihika. Siku ya sherehe za Uhuru anasimama mbele ya umati na kusema ukweli. Huko ni kukiri kwa namna ya juu kabisa; hata hivyo Mugo hapewi siku za kuishi na ukweli wake, kwa sababu anahukumiwa na wapiganaji waliotoka msituni. Kujirudi kwenyewe kunatokea kwingine na kwa kimya zaidi, kwa Gikonyo, seremala aliyekiri kiapo kizuizini na aliyerudi nyumbani akakataa kuzungumza na mkewe Mumbi. Riwaya inafungwa akiwa hospitalini akiwaza kigoda atakachomchongea Mumbi. Ngũgĩ anaiweka fidia katika kazi ya mikono, na katika kitu ambacho aliyeumizwa ataweza kukikalia.

Baraza la Wazee

Mila ya Wakamba wa Machakos imeandikwa na watafiti kadhaa, miongoni mwao Gerhard Lindblom mwanzoni mwa karne ya 20, na D. J. Penwill ambaye maelezo yake juu ya sheria za Wakamba, aliyoyakusanya katika wilaya ya Machakos, yalichapishwa mwaka 1951. Kwa muhtasari, kosa la kudhuru au kuua halikuwa shauri la mtu na dola, bali la mbaĩ mbili, yaani koo mbili. Wazee wa nzama walisikiliza, na ukoo wa mkosaji uliwalipa mifugo jamaa wa aliyedhuriwa. Pale ambapo ushahidi ulipingana, kiapo cha kĩthitũ kiliwekwa mbele ya wenye shauri, nacho kiliaminiwa kumwangamiza mwenye kuapa uwongo pamoja na jamaa zake. Aliyekuwa katika hali ya unajisi kwa kuvunja mwiko alitakaswa kwa ng'ondu.

Mambo mawili yanadhihirika hapa. La kwanza ni kwamba mila ilimtazama aliyedhuriwa kabla ya mkosaji. Swali lake la kwanza halikuwa mkosaji ateseke vipi, bali nyumba iliyopungukiwa ijazwe na nini. La pili ni kwamba hatia iligawanywa. Kijana aliyekosa hakulipa peke yake, kwani baba, wajomba na ndugu walitoa mifugo yao. Hilo lilimlinda, na papo hapo lilimweka chini ya macho ya watu ambao kosa lake lilikuwa limewagharimu.

Lakini hapo hapo ndipo penye udhaifu. Ukoo ukishalipa, shauri limekwisha, hata kama moyo wa kijana haukutikisika. Tena uvumilivu wa ukoo ulikuwa na kikomo. Mwizi sugu au aliyeaminiwa kuwa mchawi aliweza kuuawa kwa utaratibu wa king'ole, jamaa zake wa karibu wakiwa wamekubali. Mila ilijua kulipa na ilijua kukata. Namna mtu anavyobadilika kati ya ncha hizo mbili haikuwa kazi ya baraza kuieleza.

Kijana Kisiwani

Riwaya ya tatu inatoka mbali. Touching Spirit Bear ya Mmarekani Ben Mikaelsen, iliyochapishwa mwaka 2001, inamhusu Cole Matthews, kijana wa miaka 15 wa mji wa Minneapolis. Cole anavunja duka. Mwanafunzi mwenzake, Peter, anamripoti. Naye anampiga Peter hata akabaki na kilema cha usemi na viungo. Badala ya jela, shauri lake linapelekwa katika duara la upatanisho, ambamo mkosaji, aliyedhuriwa, wazazi na majirani huketi pamoja. Uamuzi ni kwamba aishi mwaka mmoja peke yake katika kisiwa cha Alaska, akiangaliwa kwa mbali na Edwin, mzee wa Watlingit.

Msomaji wa Machakos atalitambua duara hilo mara moja: ni nzama iliyovaa nguo nyingine. Lakini kisiwa kitamshangaza. Kumrudi mtu kwa kumtenga na watu ni jambo ambalo mantiki ya mbaĩ hailijui, aliyetengwa amekatwa. La ajabu ni kwamba riwaya yenyewe inaelekea kukubaliana na msomaji huyo. Cole anachoma kibanda alichojengewa, anamshambulia dubu na kuraruliwa karibu kufa, na hata anaporudi kisiwani kwa mara ya pili akiwa amenyenyekea, upweke peke yake haumtoshi. Anabeba jiwe zito kilimani kila siku, anachonga mti mzima kwa sura za wanyama, lakini anakiri kwamba yote hayo hayajamgusa Peter, ambaye huko mjini amejaribu kujiua. Hadithi haifungiki mpaka Peter mwenyewe aletwe kisiwani, nao wakachonga pamoja.

Kwa hiyo fidia inaonekana tena katika ubao na patasi, kama kigoda cha Gikonyo. Mlingano huu haupaswi kupita bila kutajwa mbele ya wasomaji wa Ukambani, ambako Wamunyu imekuwa kitovu cha uchongaji tangu Mutisya Munge alipoleta ufundi huo kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Uchongaji hauna njia ya mkato: kilichokatwa hakirudi, na mwenye kukosea hulazimika kulitia kosa lake ndani ya umbo jipya.

Hitimisho

Suala hili si la nadharia tu. Mnamo Machi 2001, mwaka ule ule wa riwaya ya Mikaelsen, wanafunzi 67 waliteketea bwenini katika shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, katika moto uliotajwa kuwa wa makusudi. Hakuna fidia ya kulitosha jambo kama hilo, wala riwaya isijidai kuwa nayo. Lakini wasomaji vijana wa eneo hilo wanajua kwamba mtu wa rika lao aweza kutenda kosa lisilo na kipimo, na wanastahili vitabu visivyowadanganya kwamba habari huishia kwenye adhabu.

Sheria imekwisha kupiga hatua. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 159, inazitaka mahakama ziendeleze upatanisho na njia za jadi za kusuluhisha migogoro, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inaruhusu mtoto aliyekosa aondolewe katika mkondo wa mashtaka. Ila sheria, kama nzama, haiwezi kuingia ndani ya kifua cha kijana na kusema kinachoendelea humo.

Hiyo ndiyo kazi iliyoachiwa riwaya. Mwandishi wa Kiswahili atakayeishika asimpeleke mhusika wake mbinguni wala kisiwani. Amwache nyumbani, kati ya watu waliotoa mbuzi wao kwa ajili yake, akikutana kila siku njiani na yule aliyemdhuru. Hapo ndipo neno kujirudi litakapopata uzito wake wote.