Bustani ya Nyuma ya Nyumba, Wiki ya 12: Kilichoota, Kilicholiwa na Kilichoingiza Hela

Wengi mmekuwa mkiniuliza ile bustani ya nyuma ya nyumba imefikia wapi. Leo natoa taarifa yote, mazuri na mabaya, pamoja na hesabu ya hela. Kama nawe una bustani nyumbani, chukua daftari ulinganishe na yako.

Kwanza nijibu wale wanaosema bustani ya nyumbani ni ya akina mama wa mboga za jioni, kijana anayetaka biashara aanze na ekari. Hapana. Eneo hili dogo ni chuo chako cha bei nafuu. Kitu kitakachokushinda kwenye sesa nne hakitakuwa rahisi kwenye ekari nzima, ila kwenye ekari kitakushinda ukiwa na mkopo mgongoni.

Bustani yenyewe ilivyo

Eneo ni mita 9 kwa 6, hapa Morogoro mjini. Nina sesa nne, kila moja ina upana wa mita 1 na urefu wa mita 8, na njia ya nusu mita katikati ya sesa na sesa. Upana wa mita 1 una maana yake: unafika katikati kwa mkono ukiwa umesimama njiani, hukanyagi udongo uliokwisha kuulainisha.

Sesa ya kwanza ni mchicha. Ya pili ni sukuma wiki, miche 40. Ya tatu ni nyanya, miche 32, mistari miwili yenye nafasi ya sentimita 60 kati ya mstari na mstari na sentimita 50 kati ya mche na mche. Ya nne nimeigawa, nusu pilipili hoho miche 20, nusu mnavu.

Kabla ya kupanda niliweka samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita moja ya mraba. Jumla ndoo 32. Nasisitiza "iliyooza vizuri". Samadi mbichi inaunguza mizizi na inakuletea magugu ya kila aina. Ukiishika isiwe na joto, na isinuke kinyesi.

Safari ya wiki 12

Wiki ya 1 nilisia kitalu cha nyanya, hoho na sukuma wiki, na siku hiyohiyo nikapanda nusu ya sesa ya mchicha. Nusu nyingine nikaiacha hadi wiki ya 3. Hii ndiyo siri ya kuwa na mboga kila wiki: usipande yote siku moja. Mchicha unavunwa baada ya wiki 4 hivi, na ukipanda wote kwa pamoja utauvuna wote kwa pamoja, halafu jirani mwenye hela ya fungu moja utamwambia nini wiki inayofuata?

Kitaluni mbegu nilizitia kwenye mistari, nyembamba, bila kuzirundika. Kinyausi kinapenda miche iliyobanana na udongo unaoshinda umelowa. Unakuta miche imeanguka kama imekatwa na wembe pale shina linapogusa udongo. Ukishaona hivyo, punguza maji, punguza kivuli, ng'oa iliyoanguka.

Wiki ya 5 nilihamisha nyanya na sukuma wiki. Siku saba kabla ya hapo nilipunguza maji na kivuli taratibu ili miche ikomae. Nilihamisha jioni, si asubuhi, ili mche upate usiku mzima wa kupumzika kabla ya jua la Morogoro. Hoho huwa inachelewa, yenyewe niliihamisha wiki ya 7.

Mnavu nilianza kuchuma wiki ya 6. Sukuma wiki nimeanza kuchuma majani ya chini wiki ya 10. Leo, wiki ya 12, nyanya zina vichala vitatu hadi vinne, vya chini vimeshajaa ila bado havijaiva. Hoho ndiyo kwanza inatoa matunda ya ukubwa wa gololi.

Vitako vyeusi: usikimbilie dawa

Wiki ya 10 maji ya bomba yalikatika siku tatu. Yaliporudi, siku chache baadaye nikaona nyanya changa zina doa jeusi lililobonyea kwenye kitako. Vijana wawili waliopita kutembelea bustani waliniambia papo hapo, "Afisa, piga dawa ya ukungu hiyo."

Nikwambie, hapa ndipo hela nyingi za wakulima zinapopotelea. Kuoza kitako si ukungu wala si mdudu. Tunda limekosa madini ya kalisi, na mara nyingi kalisi ipo udongoni, ila mmea umeshindwa kuifikisha kwenye tunda kwa sababu maji yanakuja na kukatika. Hata ukipiga dawa ya ukungu kila siku, kitako hakiponi.

Nilichofanya ni kuchuma matunda yote yaliyoharibika ili mmea usipoteze nguvu, nikaongeza matandazo ya majani makavu unene wa kama kiganja, na nikajaza madumu ya akiba yasiyopungua matumizi ya siku tatu. Matunda yaliyofungwa baada ya hapo ni mazima.

Kantangaze alipobisha hodi

Sasa tuje kwenye habari mbaya. Wiki ya 9, nikikagua nyanya, nilikuta jani lina mabaka meupe kama ngozi iliyoungua, ukiliinua juani unaona ndani punje nyeusi za kinyesi na kiwavi mdogo. Sikuhitaji kuuliza. Kantangaze.

Kwa ambao hamjakutana naye: asili yake ni Amerika ya Kusini, na hapa Tanzania aligunduliwa mwaka 2014 kule Ngarenanyuki, Arusha. Jike mmoja anaweza kutaga mayai hadi 260. Kiwavi anaishi ndani ya jani, ndani ya shina au ndani ya tunda, kwa hiyo dawa unayonyunyiza juu mara nyingi haimfikii. Isitoshe, ameshazoea dawa nyingi. Mkulima anayepiga dawa ileile kila wiki anamfundisha mdudu kuishi nayo.

Kutoka nyumbani kwangu hadi mtaa wa pili kuna kijana ana nusu ekari ya nyanya. Amekodi shamba, amenunua pampu, na nyingi ya hela hiyo ni ya kukopa. Nyanya zake zilikuwa kwenye maua. Nikajiuliza, nimwambie au nikae kimya? Afisa ugani mwenye kantangaze nyuma ya nyumba si habari ya kujivunia mtaani. Lakini kipepeo wa kantangaze anaruka usiku na hajui mpaka wa uzio. Jioni ileile nilikwenda kwake na jani likiwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa.

Tulikagua pamoja, mstari kwa mstari, kwa tochi ya simu. Mistari ya pembeni ilikuwa na majani machache yaliyoshambuliwa. Kama angesubiri, angeyaona akiwa anavuna. Tukaanza kazi usiku huohuo:

1. Tulichuma kila jani lenye baka na kulitia kwenye mfuko mweusi wa plastiki, tukaufunga na kuuweka juani siku kadhaa. Usitupe kwenye lundo la mboji, utakuwa umewahamisha tu.
2. Tuliweka mitego ya harufu ya jike juu ya beseni lenye maji na sabuni kidogo. Madume wanafuata harufu, wanaanguka majini. Mtego hauwamalizi, ila unakuonyesha kama wanaongezeka.
3. Dawa aliyotumia ni iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu kwa ajili ya mdudu huyu, na mzunguko uliofuata alibadilisha kundi la dawa, siyo jina la chupa. Majina mawili tofauti yanaweza kuwa kiini kimoja. Soma kibandiko.
4. Aliandika siku za kusubiri kabla ya kuvuna na kuzibandika ukutani. Nyanya unayoipiga leo na kuiuza kesho, anayeila ni mteja wako.
5. Mimi nilikagua pia mnavu wangu. Mnavu, biringanya na viazi mviringo ni ndugu wa nyanya, kantangaze anavijua vyote. Sesa ya nyanya ikiisha, hapo nitapanda sukuma wiki au maharage, siyo hoho.

Hadi leo, kwangu nimeng'oa miche miwili tu, imebaki 30. Kwa yule kijana, vichala vya kwanza ni vizima na mitego inashika wachache kuliko mwanzo. Hajavuna bado, kwa hiyo sisemi ameshinda. Nasema amepata nafasi ya kupambana. Naye amewaambia majirani zake wawili wenye nyanya. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwenye nyanya, anayeumbuka ni wewe na majirani zako wote.

Hesabu bila kalkuleta ya ndoto

Haya, hela. Kila kitu kimeandikwa, na mboga tuliyokula nyumbani nimeihesabu kwa bei ileile ninayowauzia majirani.

Matumizi:
- Mbegu: shilingi 14,000
- Samadi ndoo 32: shilingi 16,000
- Miti na kamba za kusimamishia nyanya: shilingi 9,000
- Mtego na sabuni: shilingi 12,000
- Maji: shilingi 17,000
- Jumla: shilingi 68,000

Mapato:
- Mchicha mafungu 120 kwa 300: shilingi 36,000
- Mnavu mafungu 18 kwa 500: shilingi 9,000
- Sukuma wiki mafungu 30 kwa 500: shilingi 15,000
- Jumla: shilingi 60,000

Kwa hiyo wiki ya 12 bado nadaiwa shilingi 8,000 na bustani yangu. Na hapo sijahesabu saa moja na nusu ya kazi kila siku. Nyanya hazimo, kwa sababu nyanya ambayo haijaiva siiandiki kama hela. Huo ndio ugonjwa wa kilimo cha kwenye simu: mche mmoja kilo kadhaa, zidisha kwa miche 10,000, zidisha kwa bei ya juu ya mwaka jana, umeshakuwa milionea kabla hujalima. Siku unayovuna, magari ya Mgeta nayo yanashuka na nyanya, bei inakaa pale soko linapotaka.

Angalia pia maji. Sesa zangu ni mita 32 za mraba. Kiangazi nahitaji kama lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku, yaani lita 160, ndoo 8. Nabeba, sioni taabu. Ekari moja ina mita za mraba zaidi ya 4,000. Kipimo hichohicho ni lita 20,000 kwa siku, ndoo 1,000. Ukimwagilia kwa matone utapunguza, kwa sababu hulowanishi njia, lakini swali linabaki palepale: kisima chako kinatoa kiasi gani mwezi wa tisa? Kijana ambaye ameshabeba ndoo 8 kila siku kwa wiki 12 hawezi kukodi ekari bila kuuliza swali hilo.

Ukionyesha maendeleo ya bustani yako, onyesha hivi

Wengi mnanitumia picha za nyanya zimeiva, umeshika moja mkononi, tabasamu kubwa. Hongera, lakini mwenzako hajifunzi kitu. Ukitaka picha yako imsaidie mtu, weka haya:

- Taja siku tangu kuhamisha miche, siyo "zinaendelea vizuri". Siku ya 40 na siku ya 70 ni mimea miwili tofauti.
- Taja mbegu kwa jina. Tengeru 97 na chotara ya dukani hazitunzwi wala hazizai sawa.
- Piga picha mmea mzima, kisha jani kwa juu na kwa chini. Wadudu wengi wanaishi chini ya jani.
- Sema umemwagilia kiasi gani na umeweka nini, kwa kipimo. "Mbolea kidogo" haipimiki.
- Andika uliyotumia, siyo uliyouza peke yake.
- Habari mbaya itangulie. Ya vichala vyekundu inaweza kusubiri hadi kesho, ya kantangaze haiwezi.

Kazi za wiki nne zijazo

Nitaendelea kutoa maotea ya nyanya kila wiki na kukata majani ya chini yanayogusa udongo. Hoho zitapata samadi ya nyongeza pembeni mwa shina. Mchicha wa duru inayofuata ninausia Jumamosi. Mitego nitaihesabu kila Jumatatu asubuhi na kuandika idadi.

Wiki ya 16 nitaleta hesabu ya nyanya zikiwa zimeshauzwa, iwe faida au hasara. Nawe niambie bustani yako iko wiki ya ngapi, umetumia shilingi ngapi hadi leo, na jani gani limekutia wasiwasi. Kama jibu la hilo la mwisho unalo, usilale nalo. Mpelekee jirani yako leo.