Mkoba wa Binti Aendaye Kupigwa Picha



Katika mji huu wa Brussels si ajabu tena kwa binti au kijana wetu kusimamishwa njiani, pale Rue Neuve au kwenye kituo cha Midi, na mtu aliyevaa vizuri, akapewa kadi na kuambiwa kwamba ana umbo na sura ya kufaa picha za mavazi. Jioni hiyo nyumbani hakulaliki. Mama asema hapana, baba auliza ni kiasi gani kitakacholipwa, na binti mwenyewe amejifungia chumbani.

Wazazi kadhaa wameniomba niliandike jambo hili. Kama kazi yenyewe yafaa au haifai, wako masheikh wa kulijibu, nami sikuisomea fani yao. Hata hivyo ziko familia ambazo zimekwisha kukata shauri. Watoto wao wamo katika kazi hiyo tayari, nao ni watoto wetu sote. Kwa hiyo swali langu ni dogo zaidi: asubuhi ile binti atokapo mlangoni, mkobani mwake mna nini? Nasema ni dogo, lakini kadiri nilivyolifuatilia ndivyo nilivyoona kwamba mambo mengi tunayoyahofia hupatiwa jibu, au hukosa jibu, ndani ya mkoba huo.

Hebu tumtazame mtu ambaye wengi wenu mmemsikia. Halima Aden alizaliwa mwaka 1997 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini ya Kenya, wa wazazi Wasomali, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha alizokulia. Akiwa bado mtoto alihamia Marekani pamoja na mama yake. Mwaka 2016 alishiriki mashindano ya urembo ya jimbo la Minnesota akiwa amevaa hijabu, na mwaka 2017 akaandikiana mkataba na wakala mkubwa wa wanamitindo, IMG. Katika mkataba huo aliweka sharti kwamba hatavuliwa hijabu, na kwamba atatengewa mahali pa faragha pa kubadilishia nguo. Mwaka 2018 akatokea kwenye jalada la Vogue ya Uingereza. Mwaka 2019 alipigwa picha pale Watamu, katika pwani yetu wenyewe, kwa ajili ya jarida la Marekani la Sports Illustrated, akiwa na vazi la kuogelea lililomfunika mwili.

La kuzingatia hapa ni sanduku lake. Katika mwaka wake wa mwanzo Halima alikuwa akienda kazini na sanduku lililojaa hijabu zake mwenyewe, magauni marefu na sketi. Alipoitwa kwa tangazo la vipodozi vya Fenty vya mwimbaji Rihanna, hijabu nyeusi aliyoivaa ilikuwa yake, aliyotoka nayo nyumbani. Baadaye kazi zilipozidi na jina likakua, mavazi yakawa yanachaguliwa na wengine. Kidogo kidogo hijabu ikapungua, shingo ikaonekana, na ikafika siku akazungushiwa suruali ya jinzi kichwani badala ya mtandio. Tena aliona kwamba wasichana wengine wa hijabu waliomfuata hawakupata ile faragha aliyoipata yeye, bali waliambiwa watafute choo wabadilishe humo. Novemba 2020 alitangaza kwamba anaiacha kazi ya jukwaani, akaeleza hayo yote waziwazi. Mimi nasoma kisa hicho hivi: siku sanduku lilipobaki nyumbani, mkataba peke yake haukutosha. Anayewavika wanamitindo ana haraka, ana mavazi thelathini ya kupitisha kabla ya jua kuchwa, na asipoona mtandio unaofaa mbele yake atachukua chochote kilicho karibu.

Kwa hiyo binti avaaye hijabu na abebe zake. Zisipungue tatu, zote zisizo na nakshi wala maandishi: nyeusi, nyeupe, na moja ya rangi ya udongo. Aongeze kofia za ndani, pini za kutosha, blauzi nyembamba ya mikono mirefu yenye shingo ya juu, na suruali ya kubana ya kuvalia chini ya gauni litakalokuwa jepesi au lenye mpasuko. Vitu hivi vikunjwe vizuri na vipigwe pasi, kwani mtandio uliokunjamana ndio hutupwa pembeni kwanza. Na faragha je? Hapo nawakumbusha akina mama kitu tulicho nacho kabatini sote: doti ya kanga. Kanga moja yafungwa kwenye kamba au hushikwa na mwenzake, ya pili yajifungwa mwilini, na chumba cha kubadilishia kimepatikana hata katikati ya ghala. Ni wepesi kuliko kugombana.

Tukiacha mavazi, liko suala la rangi ya ngozi, na hili lawahusu hata wale wasiovaa hijabu. Mnamo mwaka 1975 mpiga picha Peter Beard alimwona jijini Nairobi mwanafunzi wa Chuo Kikuu aliyeitwa Iman, mzaliwa wa Mogadishu, akamfungulia njia ya New York. Katika kazi zake za mwanzo huko, mpambaji alimwuliza kama amekuja na faundesheni yake mwenyewe. Hakuwa nayo, wala hakujua kwamba yapasa awe nayo, kwa kuwa wasichana weupe waliokuwapo hawakuulizwa swali hilo. Akapakwa mchanganyiko uliopatikana, na picha ilipotoka uso wake ulikuwa wa kijivu. Tangu hapo akawa ananunua rangi mbalimbali madukani, anazichanganya kwa mkono wake mpaka zilingane na ngozi yake, na kwenda nazo kila mahali. Mwaka 1994 akaanzisha kampuni yake ya vipodozi kwa ajili ya wanawake wa ngozi kama yetu.

Mtu angedhani mambo yamekwisha. Lakini mwaka 2015, miaka arobaini baada ya Iman, mwanamitindo wa Sudan Kusini, Nykhor Paul, aliandika hadharani akiuliza kwa nini yeye alazimike kuja na vipodozi vyake kwenye maonyesho ilhali wenzake weupe hukaa tu kitini wakahudumiwa. Swali lake ni la haki. Hata hivyo, mpaka litakapojibiwa, binti yenu aweke mkobani faundesheni na podari ya rangi yake halisi, mbili kwa hakika, moja ya majira ya joto na moja ya baridi, maana ngozi hubadilika katika nchi hizi. Pale Matonge, mtaa wa Ixelles, maduka yanayouza rangi hizo hayahitaji kutafutwa. Aweke pia chanuo pana, mafuta ya nywele na brashi laini. Mpambaji asiyezoea nywele zetu huzivuta kwa brashi ya nywele za Kizungu au huzichoma kwa pasi ya moto, na nywele zilizokatika hazirudi kwa malipo ya siku moja. Nguo za ndani ziwe zisizo na mishono na za rangi ya ngozi yake mwenyewe. Msidanganywe na maandishi ya madukani, kwani aghalabu hapo "rangi ya ngozi" ni ngozi ya Mzungu.

Vitu vya kawaida navipitia upesi. Siku ya usaili, ambapo wasichana hujipanga kwa makumi na kila mmoja kutazamwa dakika chache tu, mkoba uwe mwepesi: albamu ya picha zake, kadi chache zenye picha na vipimo vyake, na viatu vya mchuchumio alivyokwisha kuvizoea. Mavazi yawe sahili, nyeusi au nyeupe, ili umbo lifahamike bila ya kuonyeshwa. Uso usiwe na rangi nyingi. Siku ya picha zenyewe huongezwa sindano na uzi, vitambaa vya kupangusia uso, soksi nyembamba na nguo nzito ya kujifunika kati ya picha na picha. Mavazi ya joto hupigwa picha wakati wa baridi, jamani, na wakati mwingine uwanjani.

Chakula kinataka maneno mawili. Mezani kwenye kazi hizo mara nyingi huwa mna mikate yenye nyama ya nguruwe, au peremende zilizotiwa jelatini isiyojulikana asili yake. Binti achukue chakula chake na chupa ya maji, na ale. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu kazi hii ina sifa mbaya ya kuwashindisha wasichana na njaa, mpaka Ufaransa ikalazimika kuweka sheria: tangu mwaka 2017 mwanamitindo afanyaye kazi huko hana budi kuwa na cheti cha daktari kinachothibitisha kwamba afya yake yaruhusu, na uzito wake ukilinganishwa na urefu ni katika mambo yanayoangaliwa. Cheti hicho hudumu si zaidi ya miaka miwili. Na kwa kuwa Paris ni mwendo wa saa moja na nusu tu kwa treni kutoka Midi, wengi wa watoto wetu hufika huko mapema kuliko tulivyodhani. Septemba mwaka huohuo makampuni makubwa mawili, LVMH na Kering, yalikubaliana kwamba hayatamtumia msichana wa chini ya miaka 16 kuonyesha mavazi ya watu wazima, na kwamba wa miaka 16 mpaka 18 awe na mtu wa kumwangalia.

Sala nayo huingia mkobani. Katikati ya Desemba hapa Brussels, adhuhuri huingia baada ya saa sita na nusu mchana na jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, yaani sala tatu hukutana ndani ya saa nne hivi, zote wakati wa kazi. Msala mwembamba na chupa ndogo ya maji ya udhu havichukui nafasi. Kuomba dakika kumi mapema asubuhi, kabla ratiba haijafungwa, hukubaliwa kwa urahisi kuliko kuomba katikati ya picha.

Sasa nafika kwenye karatasi, na hapa wazazi ndio wanaoulizwa. Kitambulisho kiwemo, lakini asikiache mikononi mwa mtu. Atakiwapo nakala, atoe nakala. Kwa mtoto wa chini ya miaka 15, au aliye bado katika masomo ya lazima ya kutwa, sheria ya Ubelgiji yakataza kazi isipokuwa mambo machache, yakiwemo picha na maonyesho ya mavazi, tena kwa idhini maalumu ya serikali iombwayo kabla na yule anayeiandaa kazi. Mwambieni awaonyeshe idhini hiyo. Akicheka au akisema ni mambo ya baadaye, rudini nyumbani. Malipo ya mtoto huyo huwekwa katika akaunti ya akiba yenye jina lake, hayaguswi mpaka atimize utu uzima. Wala baba hana ruhusa ya kuyachukua, hata kwa kodi ya nyumba. Najua wapo watakaokunja uso, lakini mimi naiona ni sheria njema.

Pesa za kulipa zisiwemo kabisa. Wakala wa kweli hukata sehemu yake katika malipo ya kazi iliyopatikana. Yule anayetaka mamia ya euro mbele, kwa albamu, kwa mafunzo au kwa kuandikisha jina, biashara yake ni nyinyi. Dhahabu ya bibi nayo ibaki nyumbani. Vyumba vya kubadilishia nguo havina kufuli. Simu iwe na moto wa kutosha, na anwani ya mahali iandikwe pia kwenye karatasi mbili, moja yake, moja ya mama jikoni.

Mwisho kuna fomu ya ruhusa ya picha, ambayo huletwa jioni watu wamechoka, ikiwa imeandikwa kwa Kifaransa au Kiflemi kwa herufi ndogo. Hapa Ubelgiji picha ya mtu haitumiwi bila ya ridhaa yake, na kwa mtoto ni ridhaa ya wazazi, pamoja na yake mwenyewe akiwa amefikia umri wa kufahamu. Someni mambo matatu: picha zitatumika wapi, kwa muda gani, na kama zaweza kuuzwa kwa mwingine. Picha iliyopigwa kwa duka la mashungi yaweza, kwa mstari mmoja wa fomu, kuonekana baada ya mwaka kwenye tangazo la kitu ambacho familia isingekikubali. Mstari msioutaka, ukateni kwa kalamu na mtie saini pembeni kabla ya kusaini chini, na nakala irudi mkobani siku hiyohiyo.