Mimba za utotoni Tabora: Sheria ipo, somo liko wapi?

Ukimpa mwanafunzi mimba Tanzania, adhabu ni miaka 30 jela. Kifungu hicho kiliingizwa kwenye Sheria ya Elimu mwaka 2016. Swali ni moja: kabla ya kufika huko, mwanafunzi mwenyewe ameambiwa nini?

Kwa nini Tabora?
Mji huu, kituo cha zamani cha misafara ya Ujiji na Bagamoyo, ndio uliomsomesha Mwalimu Nyerere pale Tabora Boys. Lakini utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta kuwa kati ya kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19 mkoani humo, 43 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito. Kitaifa walikuwa 27. Mwaka 2022, kitaifa walishuka hadi 22.

Shuleni wanafundishwa nini?
Hakuna somo la afya ya uzazi linalojitegemea. Mada zimetawanywa, mfano kwenye Baiolojia, ambayo sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Binti anaweza kuchora mfumo wa uzazi akapata vema zote, ila asijue amjibu nini mtu wa bodaboda anayempa lifti ya bure kila siku.

Ubishi uko wapi?
Februari 2023, Waziri wa Elimu Adolf Mkenda alipiga marufuku vitabu 16 shuleni, kikiwemo cha elimu ya ngono, kwa hoja ya kulinda mila na maadili. Wazazi wengi wana hofu hiyohiyo: ukimwambia mtoto, umemfungulia mlango. Lakini mwongozo wa UNESCO wa 2018, uliopitia tafiti za nchi nyingi, unasema elimu hii haiwafanyi vijana waanze ngono mapema.

Akishapata mimba?
Juni 2017, Rais Magufuli alisema harudi shule. Novemba 24, 2021, Serikali ikaruhusu arudi baada ya kujifungua. Kwa hiyo mzazi, usimfungie binti yako ndani, mrudishe darasani.

Tuanzie wapi?
Tamthilia ya Siri ya Mtungi ilishaonyesha kwamba uzazi wa mpango na VVU vinaongeleka kwa Kiswahili cha kawaida, sebuleni. Anza leo na mwanao, wa kike na wa kiume. Usiposema wewe, simu itamwambia, na haitachagua maneno.