Geji ya Mafuta Isemapo Uongo

Dereva wa pikapu ya Chevrolet ya matangi mawili, iliyoundwa Marekani kati ya 1973 na 1987, aweza kukwama njiani hali mshale wa geji ungali juu. Ni nini chanzo chake?

Ndani ya kila tangi mna boya lililoshikizwa kwenye mkono. Boya lipandapo au lishukapo, mkono hubadili ukinzani wa umeme: karibu omu 0 tangi likiwa tupu, na omu 90 likiwa limejaa. Geji ni moja tu. Swichi huiunganisha na tangi linalotumika.

Mshale ukikosea kwa matangi yote mawili, hushukiwa kwanza vile vinavyotumika kwa pamoja: geji, swichi na waya baina yake. Ukikosea kwa tangi moja, kasoro yaelekea kuwa upande wa tangi hilo, au katika mguso wake ndani ya swichi.

Kisha injini huzimwa, ufunguo ukabaki umewashwa, na waya wa boya ukachomolewa mahali pasipo na mvuke wa petroli, kwani cheche moja yatosha kuleta moto. Waya ukiwa wazi, mshale hupita alama ya kujaa. Ukigusishwa na fremu ya gari, hushuka hadi tupu. Mshale ukitii, geji ni nzima; kasoro imo upande wa tangi.

Huko, kutu katika kiungo cha boya na fremu huongeza ukinzani, nayo geji huonyesha mafuta yasiyokuwemo. Geji haipimi mafuta, hupima umeme.