Samaki Anayefuata Upepo wa Baridi

Kusini mwa inchi ya Marekani, mahali mto mkubwa Mississippi unapoingia baharini, liko jimbo la Louisiana. Pwani yake kubwa ni mabwawa ya majani na vijito visivyohesabika, ambamo maji matamu na maji ya chumvi yanachanganyika. Leo, wasomaji wapenzi, tutawapasha habari za samaki mmoja wa mabwawa hayo.

Jina lake ni trauti mwenye madoa, kwa ajili ya madoa meusi ya mgongoni na mkiani. Lakini trauti wa kweli hukaa katika mito ya maji baridi; huyu ni wa jamaa nyingine, na wakati wa kuzaa dume lake hutoa mlio kama ngoma.

Siku za joto hukaa penye chumvi nyingi na kutaga mayai huko. Mwezi wa kumi, upepo wa baridi wa kaskazini husukuma maji yatoke mabwawani. Kamba wa bahari, wale wenye miguu mingi, huteremka pamoja na maji, naye trauti hupanda kuwalaki. Mvuvi mwenye akili huangalia juu: penye ndege wa bahari wanaojitupa majini, chini yao kamba wanakimbia, na nyuma yao yuko trauti. Akimnasa, huvuta mshipi polepole, maana mdomo wa samaki huyu ni mwororo. Mwenye pupa hubaki na ndoana tupu.

Basi samaki hao walipungua. Zamani mtu aliweza kuchukua 25 kwa siku. Tangu Novemba 2023 sheria inamruhusu 15 tu, wenye urefu wa sentimeta 33 hata 51. Walio wakubwa zaidi wasipite wawili. Sababu yake ni wazi: walio wakubwa karibu wote ni majike, na jike kubwa hutaga mayai mengi.

Lakini sheria hailindi majani, ambamo watoto wa samaki na kamba hujificha na kukua. Tangu 1932 hata 2016 pwani hiyo ilipoteza ardhi ya kilometa za mraba zipatazo 4,800. Baada ya gharika ya 1927, kuta za udongo za kandokando ya mto ziliongezwa nguvu. Miji ikalindwa, lakini tope lililojenga mabwawa likapelekwa moja kwa moja baharini. Tena mifereji ya wachimba mafuta iliingiza chumvi, nayo majani yakafa.

Mwaka 2023 jimbo lilianza kazi ya kurudisha tope katika bwawa la Barataria; mwaka 2025 likaiacha. Gharama ilikuwa kubwa mno, na wavuvi wa kamba na chaza waliogopa kwamba maji matamu yangeharibu riziki yao.

Hivyo wavuvi wa trauti wanahesabu samaki wao kwa uangalifu, huku nyumba ya samaki hao inazidi kumomonyoka. Kuhesabu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuokoa bwawa lenyewe.