Picha ya Ndugu Yako Imerushwa Mtandaoni? Usifute Kitu

Ujumbe hutufikia usiku, sisi tulio Marekani, wakati nyumbani tayari kumekucha. Unatoka kwenye namba ya Tanzania usiyoijua. Ndani yake kuna picha ya ndugu yako ameshika kitambulisho cha NIDA, na juu yake pameandikwa kwa herufi nyekundu: TAPELI. Chini unaambiwa kwamba amekuweka wewe mdhamini wa mkopo, ulipe leo hii.

Wanajumuiya kadhaa wameniuliza wafanye nini, na karibu wote wameuliza wakiwa wamekwisha kukosea. Nami nilikosea vilevile. Mpwa wangu, mwenye genge la mboga Chamazi, alikopa shilingi 80,000 kwenye programu ya simu. Alipochelewa kurejesha, wakafungua kikundi cha WhatsApp, wakawaingiza wateja wake, mwalimu wa mwanawe, mjumbe wa nyumba kumi na mimi. Kwa hasira nililipa, nikajitoa kwenye kikundi, nikafuta kila kitu. Tulipokwenda kulalamika hatukuwa na hata namba moja ya kuonyesha.

Hapo ndipo wengi wanaponasa. Piga skrinishoti kabla ya kujitoa, ionekane namba, tarehe na wasimamizi wa kikundi. Usiihifadhi namba hiyo kwenye simu kwa jina la "Matapeli", maana skrinishoti itaonyesha jina ulilobuni wewe badala ya namba. Na anayetaka kukusaidia asikusambazie ujumbe ule, kwa sababu ukishasambazwa haubebi tena namba ya aliyeuanzisha. Apige skrinishoti kwenye simu yake mwenyewe. Fanyeni haraka, kwani aliyeutuma anaweza kuufuta kwa wote. Kuiondoa programu ya mkopo kwenye simu nako hakurudishi majina ya watu uliowahifadhi. Yalishachukuliwa siku ile ulipobonyeza "Ruhusu".

Kwenye kituo cha polisi utaambiwa, "Hilo ni deni, kalipe." Mpwa wangu aliambiwa hivyo mara mbili, na mara ya pili akaulizwa kama si yeye mwenyewe aliyekubali masharti. Majibu ya namna hii yanachosha. Deni ni deni, atalipa. Kumwanika mbele za watu ni kosa jingine kabisa. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza moyo. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Ukiomba RB, yaani namba ya taarifa yako polisi, litaje kosa hilo. Ukianza na "nimegombana na watu wa mkopo", umejifungia mlango mwenyewe.

Na ile "Ruhusu" mpwa wangu aliibonyeza kwa taarifa zake. Namba yangu ni yangu, hakuwa na uwezo wa kuiridhia kwa niaba yangu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inatambua malalamiko ya mtu yeyote anayeona taarifa zake zimetumika kinyume cha sheria. Kwa hiyo mwalimu, mteja na mjomba aliye ng'ambo, kila mmoja anaweza kulalamika mwenyewe kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Tume imepewa siku 90 kuchunguza na kuamua, na inaweza kuongeza. Siku 90! Picha huzunguka Mbagala nzima kabla daladala ya kutoka Rangi Tatu haijafika Chamazi.

Kabla ya yote angalia kama mkopeshaji ana leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Ukiikuta ya kwako humo, lieleze na hilo polisi. Ila usimrushe mtandaoni anayekudai ili kulipiza: laini inayopokea fedha huenda imesajiliwa kwa jina la mtu asiye na habari, na wewe ukawa umetenda kosa lile lile unalolilalamikia.

Kenya wamethibitisha kwamba wakopeshaji wa namna hii wanakamatika. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kutumia majina na namba zilizopatikana kwa watu wengine kutuma vitisho. Sheria yetu inaruhusu kampuni inayofichua taarifa za watu kutozwa hadi shilingi bilioni 5. Karatasi haina upungufu. Tume, iliyozinduliwa Aprili 3, 2024, inahitaji mashauri yenye ushahidi, na ushahidi huo uko kwenye simu zetu.

Ukipokea picha ya mtu imeandikwa TAPELI, usiipeleke kwenye kikundi cha familia kuuliza kuna nini. Ipige skrinishoti, mpigie mwenyewe, na umwambie kwamba ushahidi wake unao.