Virusi vya Mihogo na Namna ya Kuvitambua

Ndugu mkulima, wewe unayelima mihogo upande wa Beni, Oicha na Mutwanga, nawe unayenunua unga wake sokoni Butembo, soma maneno haya taratibu. Yanahusu ugonjwa unaoharibu chakula chini ya udongo, hali majani ya juu yangali mabichi. Jina lake ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia.

Mwenye shamba lililopatwa hufurahi miezi kumi au zaidi. Miti imesimama vizuri, na sombe huchumwa kila juma. Siku ya kung'oa hukata mizizi kwa kisu, akaona ndani madoa ya kahawia, makavu na magumu kama gamba la mti. Mizizi hiyo haiivi vema wala haitoi unga mweupe. Kazi ya mwaka mzima imepotea. Basi yafaa tumjue adui huyu, tujue pia kwa nini macho peke yake hayatoshi kumtambua.

KIRUSI NI NINI?

Kirusi ni kitu kidogo mno kinacholeta ugonjwa. Mdudu twamwona kwa macho. Bakteria twaziona kwa hadubini ya kawaida. Virusi vyetu hivi hata kwa hadubini hiyo havionekani.

Mwaka 1892 Dmitri Ivanovsky, mtaalamu wa Urusi, alichukua maji ya majani ya tumbaku yenye ugonjwa, akayapitisha katika chujio linalozuia bakteria. Maji yaliyopita yaliambukiza tumbaku nyingine vilevile. Mwaka 1898 Martinus Beijerinck wa Uholanzi alirudia kazi hiyo, akasema kwamba jambo hili si bakteria, akaliita kirusi. Mwaka 1939 ndipo virusi vya tumbaku vilipoonekana kwa hadubini ya elektroni.

Virusi vya michirizi vina umbo la uzi. Ukivipanga kimoja nyuma ya kingine, utahitaji kama 1,500 kupata urefu wa milimita 1. Ndani ya kila kimoja mna maagizo yaitwayo RNA, kama barua iliyokunjwa. Kirusi hakili, wala hakizai peke yake. Huingia katika chembe hai ya muhogo, na chembe ile huisoma barua ya mgeni na kutengeneza virusi vipya. Ni kama mtu aliyeingia jikoni mwako akawaamuru wapishi wako wampikie yeye. Kwa hiyo hakuna dawa ya kunyunyiza itakayouponya mti ulio shambani.

UGONJWA HUU HUENEA NAMNA GANI?

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni inzi weupe wadogo wakaao chini ya majani. Hunyonya maji ya mti mgonjwa, kisha huruka kwenda mti mwingine. Lakini inzi huyu hapeleki ugonjwa huu mbali, maana kirusi hakidumu mwilini mwake siku nyingi.

Njia ya pili ni sisi wenyewe. Muhogo hupandwa kwa vijiti, na kijiti cha mti mgonjwa huzaa mti mgonjwa. Inzi hupeleka ugonjwa kwa jirani. Chukudu, pikipiki na lori huupeleka katika wilaya nyingine.

Mwaka 1936 H. H. Storey wa kituo cha Amani, katika milima ya Usambara, aliandika habari za ugonjwa huu. Kwa miaka mingi watu walidhani ni shida ya nchi za chini, karibu na pwani. Lakini tangu mwaka 2004 ulienea Uganda, hata mahali palipo juu ya mita 1,000. Mwaka 2012 wataalamu walitangaza kwamba kipimo kimeonyesha virusi hivi katika mihogo ya upande wa Beni.

Tena kuna taabu ya nchi yetu. Tangu mwaka 2014 watu wengi wa Beni wamekimbia mashamba yao kwa sababu ya mauaji. Mtu arudipo hana mbegu, naye huchukua vijiti popote avipatapo. Hatumlaumu, maana njaa haingoji. Ndiyo sababu yafaa mbegu njema iwe karibu naye.

KWA NINI MACHO HAYATOSHI?

Dalili ziko. Majani ya chini, yaliyokomaa, huwa na rangi ya manjano kandokando ya mishipa. Shina bichi huwa na michirizi ya kahawia. Lakini majani ya chini huanguka, na pengine mti hauonyeshi kitu cha kutambulika. Usiuchanganye na batobato, ambayo hukunja majani ya juu na kuyatia mabaka. Mbegu iliyo imara mbele ya batobato yaweza kushindwa na michirizi.

Pia macho hudanganya kwa njia nyingine. Katika Kongo ya magharibi mizizi ilionekana inaoza kwa namna inayofanana sana na ugonjwa huu. Lakini maabara zilipopima hazikukuta virusi vya michirizi. Basi mti mzima kwa macho waweza kuwa mgonjwa, na mzizi uliooza waweza kuwa na ugonjwa mwingine.

MAABARA HUFANYA NINI?

Jani huchumwa, huandikwa jina la shamba, hukaushwa kwa kubanwa katika karatasi, kisha hupelekwa. Husagwa pamoja na maji ya dawa, na RNA hutengwa. Baadaye RNA hugeuzwa kuwa DNA, maana mashine hunakili DNA. Kazi hiyo ya kunakili huitwa PCR. Ndani ya kichupa hutiwa vipande vifupi vinavyoshika barua ya kirusi hiki tu, kama ufunguo na kufuli lake. Mashine hupasha moto na kupoza, tena na tena. Kila mara nakala huongezeka maradufu: 1 huwa 2, 2 huwa 4. Baada ya mara 10 ni 1,024. Baada ya mara 30 zaidi ya bilioni 1. Hapo kitu kilichofichika chaonekana. Kirusi kisipokuwamo, hakuna cha kunakili.

Fundi mwaminifu hupima pamoja jani moja linalojulikana kuwa zima na jingine linalojulikana kuwa gonjwa. Haya mawili yakileta jibu la uongo, kazi yote hurudiwa.

Watu wa Beni na Butembo waliijua kazi ya namna hii katika Ebola ya mwaka 2018 hata 2020, iliyoua watu 2,287. Mashine za GeneXpert zilitafuta RNA ya Ebola katika damu. Wengi waliuliza: kwa nini mgonjwa apimwe mara mbili? Ni kwa sababu siku za kwanza virusi katika damu ni vichache. Aliyepimwa kabla ya saa 72 tangu kuugua, asikutwe navyo, ilipasa apimwe tena. Muhogo nao ni hivyo. Virusi havikai sawasawa katika mti wote, kwa hiyo jani moja lisilo na kirusi haliwezi kushuhudia shamba zima. Lakini usiogope kula: virusi vya mihogo havimwambukizi mtu.

WEWE UFANYE NINI?

1. Kabla ya kukata vijiti, tazama majani ya chini na shina la kila mti.
2. Ng'oa mizizi ya mti huo, uikate vipande. Ukiona doa la kahawia hata katika mzizi mmoja, usipande vijiti vyake.
3. Usilete vijiti kutoka mahali penye ugonjwa, hata ukipewa bure.
4. Miti michanga yenye dalili ing'oe upesi, uiharibu.
5. Shamba likiisha kupatwa, vuna mapema, maana madoa huongezeka kadiri mizizi ikaavyo udongoni.
6. Wakulima wa kijiji kimoja watenge shamba la mbegu, mbali na mihogo ya zamani, na kumwomba agronomo majani yake yapimwe.

Kukata mizizi na kuitazama hakushindi kipimo cha maabara, lakini huondoa miti mingi mibaya, nako hakugharimu kitu ila kisu na subira. Anza msimu huu, kisha umwonyeshe na jirani yako. Kwa maana inzi weupe hawajui mpaka wa shamba lako na lake.